Ukurasa wa Kiangazi

"Mwalimu, hiyo ni unga?"

Aliyeuliza alikuwa Nuria, mtoto wa miaka mitano wa Huka mfugaji. Hakuuliza akiwa ameketi kama wenzake. Alikuwa ameshainuka, amefika mbele, na kidole chake kimegusa kitabu. Mwalimu Kanze alikuwa amekiinua kitabu hicho juu ili darasa zima la chekechea likione. Kwenye picha, mtoto mwenye koti zito na kofia ya sufu alisimama katikati ya weupe mtupu. Weupe ulifunika paa, ukafunika miti na mabega yake, na mwingine ulikuwa bado unashuka kutoka mawinguni.

"Si unga," Kanze alisema. "Hiyo inaitwa theluji. Ni maji yaliyoganda kwa baridi, yakaanguka kama mvua."

Watoto walimtazama. Ilikuwa Februari. Upepo uliokuwa ukiingia dirishani ulikuwa wa moto, na udongo wa uwanjani ulikuwa umepasuka mipasuko inayoweza kumeza mguu wa mtoto.

"Ni unga," alisema Nelly, binti wa Kanze mwenyewe, aliyeketi mstari wa mbele. Alisema kwa sauti ya mtu anayemaliza ubishi. "Unaanguka kutoka juu. Unamwangukia huyo mtoto."

Darasa likalipuka. Unga! Unga! Nuria akataka kujua mji huo uko wapi, na kama ni mbali kupita Bangale, ambako babake alikuwa na jamaa. Mtoto mwingine aliuliza kama unga ule unaokotwa na kila mtu au mpaka uandikishwe jina kwanza kama ule wa msaada. Kanze alikifunga kitabu polepole. Alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa miaka tisa, naye alijua darasa linapomtoka mkononi.

Vitabu hivyo vilikuja shuleni ndani ya gunia, zawadi ya wahisani fulani. Vilikuwa vinne, kila kimoja na majira yake: baridi yenye theluji, maua, jua, na majani mekundu yanayopukutika. Mwalimu mkuu, Zakaria, alimkabidhi Kanze vitabu hivyo kwa furaha ya kweli. Mwisho wa muhula afisa wa elimu angekuja kutoka Garsen kuona jinsi watoto wadogo wanavyofundishwa majira na hali ya hewa. Tena, kila kiangazi nusu ya watoto hao huacha kuja shule. "Wakipenda picha watakuja," Zakaria alikuwa amesema.

Jioni hiyo Kanze alipotoka jikoni alikuta sufuria mbili na beseni zimepangwa uani, wazi. Nelly alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Unafanya nini na vyombo vyangu?"

"Nakinga unga," Nelly alijibu, macho yakiwa juu.

Kaingu, mume wa Kanze, alikuwa akinoa jembe mlangoni. Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Mama Nelly," alisema, "kwani mnawafundisha nini watoto huko?"

Kanze aliokota sufuria zake, akaingia ndani, na usiku kucha akawa na swali hilo kichwani.

&nbsp;

Asubuhi alikwenda kwa Zakaria akamwomba karatasi za ndani za mifuko ya saruji iliyobaki walipojenga vyoo vya shule. Alizikung'uta, akazikata, akazishona kwa uzi wa katani. Rangi alizitengeneza na watoto wenyewe: nyeusi ya mkaa, ya manjano ya bizari, ya kijani kwa majani ya kunde yaliyopondwa, na ile nyekundu waliichota kwenye kichuguu nyuma ya darasa.

"Hiki ni kitabu chetu," aliwaambia. "Hakina kitu ndani. Tutaanza na majira tuliyomo. Kesho kila mmoja alete kitu cha kiangazi."

Walileta. Ukwaju mkavu, unyoya wa korongo, bonge la udongo uliopasuka, gamba la konokono wa mtoni. Nelly alileta bua la hindi. Nuria alikuja na kengele ya mti inayovishwa ng'ombe shingoni, akaitikisa mpaka darasa la jirani likatuma mtu kulalamika. Mtoto mmoja aliyekuwa hajatamka neno tangu shule ifunguliwe alisimama mbele ya wenzake akaeleza konokono hujificha wapi mto ukipungua, na hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuna aliyejua. Waliokuwa wameanza kupotea walirudi. Kufikia wiki ya pili watoto walikuwa thelathini na wanne, na mwingine mmoja ambaye hata jina lake halikuwa kwenye rejista.

Siku ya kuchora, Kanze alitandika karatasi kubwa sakafuni, watoto wakaizunguka kwa magoti. Mto ulichorwa kwanza, ukingoni kabisa mwa karatasi. Nelly akapanda mahindi kando ya mto, mistari mizuri ya kijani, kila bua na majani mawili. Upande wa pili Nuria alikuwa anachora ng'ombe. Alichora wengi, wenye pembe ndefu na matumbo yaliyoingia ndani, wote wametazama upande mmoja. Alipofika katikati ya karatasi mkono wake ulisita. Mbele ya ng'ombe kulikuwa na mahindi. Mto ulikuwa nyuma ya mahindi.

Nuria akachukua mkaa, akavuta njia pana iliyonyooka, kutoka kwa ng'ombe wake mpaka majini, katikati ya mahindi ya Nelly.

"Hapo ni kwa baba yangu!" Nelly alipiga kelele.

"Hapo ni njia," Nuria alisema. "Sisi tulikuwa tunapita hapo."

"Ni shamba!"

"Ilikuwa njia. Hata nilianguka hapo, nikaumia goti." Akalikunja gauni lake kuonyesha kovu.

Wote wawili walimgeukia mwalimu. Kanze alilijua shamba hilo. Aliijua na njia hiyo. Mafuriko ya mwaka juzi yalipoijaza tope hata isionekane mwanzo wala mwisho, Kaingu alisogeza ua wake wa miiba mpaka upande wa pili, na siku hiyo Kanze mwenyewe ndiye aliyemshikia kamba ya kupimia. Walikuwa wameambiana kwamba kila mtu anafanya hivyo. Na kweli, wengi walifanya.

"Mwalimu, nani amekosea?" Nelly aliuliza.

"Kila mtu achore alichokiona," Kanze alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

&nbsp;

Ukurasa ulitundikwa ukutani, na wazazi wakaalikwa kuja kuona kazi ya watoto wao. Mzee Ngala, mwenyekiti wa bodi ya shule, naye mkulima, alisimama mbele ya ukurasa wa kiangazi kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Alitoa simu, akapiga picha. Kanze alidhani amefurahi.

Kufikia saa kumi picha ilikuwa imezunguka vijiji vyote vya jirani. Wakulima waliandika kwamba mwalimu anawafundisha watoto wao kugawa mashamba. *Leo ni karatasi, kesho ni ng'ombe mlangoni.* Ilipofika kwa wafugaji ilisomwa vingine. Ng'ombe wao wamechorwa ndani ya mahindi, wakaona mwalimu, mke wa mkulima, anawafundisha watoto kwamba wafugaji ni wezi. Picha ilikuwa moja, na kila upande ulijiona ndio uliotukanwa.

Pengine mambo yangepoa yenyewe. Lakini alfajiri ya siku ya tatu ng'ombe wa Huka, wakiwa hawajanywa maji siku mbili, walinusa mto, wakavunja ua wa miiba na kupita. Vijana wawili waliokuwa wakiwachunga hawakuweza kuwazuia. Kaingu alipofika shambani alikuta mahindi yaliyokuwa yakianza kubeba yamelala chini, yamesagwa kwenye tope. Alisimama pale akiwa na panga mkononi, na jirani zake wakakusanyika mmoja mmoja, nao wana mapanga. Hakuna aliyesema walichokuwa wanafikiria wote. Katika nchi hii watu wamezikana kwa ugomvi ulioanza hivyo hivyo.

Kaingu ndiye aliyeshusha panga kwanza. "Naenda kwa chifu," alisema. "Mniache niende kwa chifu."

Siku hiyo darasani kwa Kanze kulikuwa na watoto kumi na mmoja. Nuria hakuwepo.

Zakaria alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndugu miongoni mwa wafugaji na rafiki miongoni mwa wakulima, na katika siku kama hizi kila upande ulimshuku.

"Mwalimu, ondoa ukurasa huo mmoja," alisema. "Kitabu kitabaki na kurasa nyingine."

"Nikiuondoa nitamwambia nini Nuria?"

"Nuria hayupo, mwalimu."

"Akirudi."

Zakaria alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ngala anasema bodi itakaa Ijumaa. Wewe huajiriwi na serikali, unajua. Unaajiriwa na hao hao wazazi. Mimi nitakutetea, lakini unipe kitu cha kukutetea nacho."

Kanze alirudi darasani. Ukurasa aliuacha ukutani.

&nbsp;

Nyumbani Kaingu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, chakula hakijaguswa.

"Kesho ni kwa chifu," alisema. "Hiyo picha italetwa. Utaulizwa."

"Najua."

"Utasema ni mchezo wa watoto."

"Ni mchezo wa watoto."

"Basi. Imekwisha."

Kanze alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Lakini njia ilikuwepo, Baba Nelly."

Kaingu alimtazama kama mtu anayemwona mgeni. "Na mahindi hayakuwepo? Hukuyapalilia wewe? Hujala wewe humo? Unafikiri hao wakipewa njia watapita njiani tu?"

"Sijui watapita wapi. Najua tu tulipopima."

"Ulishika kamba!"

"Nilishika," Kanze alisema. "Ndiyo maana siwezi kusema sijui."

Nelly alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili walimwona kwa pamoja.

&nbsp;

Ofisi ya chifu ilikuwa chumba kimoja cha bati, kwa hiyo watu walikaa nje, kwenye kivuli chake. Wakulima upande mmoja, wafugaji upande wa pili, na katikati palibaki nafasi ya watu wawili ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Kanze alipofika, wanawake wa upande wa mumewe walisogea, lakini si kwa kumpa nafasi. Walijikusanya. Alisimama.

Kaingu alieleza hasara yake, kwa utulivu, mstari kwa mstari. Kisha Huka akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na Kiswahili chake alikipanga kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mimi sikatai. Ng'ombe yangu iliingia. Ng'ombe iko na kiu, haijui kusoma mpaka. Lakini mimi nauliza, hiyo njia ya maji ilienda wapi? Baba yangu alipita hapo. Mimi nimepita hapo na mtoto wangu Nuria mgongoni. Leo naambiwa ni shamba. Lilizaliwa lini?"

"Hapajawahi kuwa na njia pale!" sauti ilitoka nyuma ya Kaingu, na nyingine zikaiunga mkono.

Mzee Ngala alisimama na simu yake. "Chifu, wameipata wapi hii habari ya njia? Ni kwenye hii picha. Mwalimu wa watoto wetu amewachorea. Naomba akiri, mbele ya watu, kwamba alitunga."

Chifu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa hapendi kelele. Aliitazama simu, akaikuza picha kwa vidole, akamtazama Kanze.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyechora?"

"Hapana. Watoto ndio waliochora."

"Uliwaambia wachore njia?"

"Niliwaambia wachore walichokiona."

"Na wewe, umeiona hii njia?"

Kaingu hakumtazama mkewe. Alitazama mikono yake. Kanze angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mafuriko yalibadilisha kila kitu, na hilo nalo lingekuwa nusu ya kweli. Alimfikiria Nuria akikunja gauni kuonyesha goti.

"Nimeiona," alisema. "Ilipita pale tulipopanda. Sisi tuliifunga mwaka juzi, baada ya mafuriko. Mume wangu alipima na mimi nilishika kamba. Na hatukuwa peke yetu."

Haikusikika kelele aliyoitarajia. Mtu mmoja tu alicheka, kicheko kifupi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kaingu, kumbe nyumbani kwako suruali anavaa mwalimu." Wengine wakakohoa. Kaingu aliinuka, akapangusa vumbi nyuma ya suruali yake, akaondoka bila kuaga. Alipita katikati, kwenye ile nafasi ambayo hakuna aliyeikalia.

Chifu aliamua. Njia ifunguliwe kabla ya mvua. Mahindi yaliyoharibiwa nje ya njia, Huka ayalipe. Upana wa njia wapatane wenyewe siku ya Jumatatu, na atakayekuja na panga atamkuta chifu mwenyewe amefika kabla yake.

&nbsp;

Siku zilizofuata Kaingu alikula kwa ndugu yake. Alirudi nyumbani kulala tu, akaamka kabla ya wengine. Kanze alipokwenda kuteka maji mtoni, mwanamke aliyekuwa akimwekea zamu tangu waolewe aliinua mtungi wake akauhamishia upande mwingine. Hakumtukana. Kanze alitamani angemtukana.

Ijumaa bodi ilikaa. Zakaria alimtetea kwa saa nzima. Mwishowe hawakumfukuza, kwa sababu afisa wa elimu alikuwa anakuja na hakukuwa na mwingine wa kusimama mbele ya watoto wale. Wakampa barua ya onyo iliyosema asichanganye masomo na mambo ya jamii. Kanze aliisoma mara mbili, akajiuliza ni somo gani la majira lisilo na mambo ya jamii ndani yake, kisha akaikunja akaiweka ndani ya rejista.

Jumapili jioni, jua likiwa bado halijazama, Kanze alikuwa jikoni akikoleza moto. Kaingu alirudi mapema kuliko kawaida. Alikaa mlangoni kuvua viatu, na Nelly, aliyekuwa amemkwepa kwa siku tano, alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba."

"Nini?"

"Mimi nilichora vibaya?"

Kaingu aliacha kiatu kikining'inia. "Nani amesema?"

"Nilichora mahindi mengi. Ningechora machache, njia ingepita. Hamngegombana na mama."

Jikoni Kanze aliacha kupuliza moto.

"Wewe hukukosea," Kaingu alisema hatimaye. "Mahindi yako ulichora vizuri. Ndivyo yalivyokuwa."

"Na Nuria?"

Kuku alipita kati yao. Kaingu akamfukuza kwa mkono, ingawa hakuwa amemsumbua.

"Nuria pia hakukosea."

"Basi nani?"

Kaingu alimvuta mtoto, akamkalisha gotini. Jioni hiyo aliketi kwenye mkeka, akala. Hakuzungumza na mkewe mpaka alipomaliza, akaosha mikono, akasema akiwa amemgeuzia mgongo:

"Kesho mtatoka nje na watoto?"

"Nina barua ya onyo, Baba Nelly."

"Nimeuliza kama mtatoka."

"Zakaria akiruhusu."

"Basi waleteni shambani." Alikung'uta maji mikononi. "Watu wazima wakibaki peke yao kesho, hawatapatana. Na nimetuma mtu kwa Huka aje na mtoto wake."

&nbsp;

Walifika saa tatu asubuhi, watoto kumi na wanane wakiwa wameshikana mikono wawili wawili. Zakaria alitembea nyuma yao, tayari kubeba barua na lawama, kama alivyosema mwenyewe. Wanaume walikuwa wamekwisha fika na walikuwa wamekwisha kuanza. Huka alitaka hatua thelathini. Kaingu alisema sita. Huka alisema hatua sita ni za mbuzi. Mzee Ngala alisema hata hizo ni zawadi. Kila mtu alikuwa anazungumza na hakuna aliyekuwa anahesabu kitu.

Nuria alipoona wenzake alimwachia babake mkono, akaja mbio kwenye mstari. Nelly alisogea kumpa nafasi.

Kanze alikuwa amefikiria usiku huo jinsi ya kuanza, lakini Kaingu alimtangulia. Alikuwa na vigingi kwapani. Alikwenda mbele ya watoto, akachuchumaa, na ilionekana wazi kuwa hajui mtu anazungumzaje na watoto kumi na tisa kwa mpigo.

"Nani anajua," alisema, akasafisha koo, "nani anajua ng'ombe hupita wangapi kwa pamoja wakienda majini?"

"Wengi!" watoto wakajibu.

"Wengi ni wangapi?"

Mikono ya Nuria ilionyesha vidole vyote, kisha ikapunguza viwili. "Mbele ni nane. Wengine wanafuata nyuma."

Kaingu alimtazama Huka. Huka alitikisa kichwa kukubali, kidogo tu.

"Haya," Kaingu alisema. "Nane waje hapa wawe ng'ombe."

Wote kumi na tisa walitaka kuwa ng'ombe. Kanze alichagua nane, akawapanga bega kwa bega, kila mmoja amenyoosha mikono kuwa tumbo la ng'ombe, waliobaki wakawa kundi la nyuma. Walianza kutembea kuelekea mtoni juu ya mabua yaliyolala, wakilia kama ng'ombe, wakisukumana, wakiinamisha vichwa. Yule mtoto aliyeeleza habari za konokono alikataa katakata kulia kama ng'ombe kwa sababu, alisema, yeye ni dume na dume halii akienda majini. Mmoja wa vijana wa Huka alishindwa kujizuia akacheka. Kisha mkulima mmoja naye akacheka, na wawili hao walipotazamana walinyamaza haraka, kama waliofumaniwa.

Kaingu alitembea kando ya kundi lile, akikita kigingi upande wa kulia, kisha akivuka na kukita upande wa kushoto. Alifanya hivyo mpaka ukingoni mwa mto. Kisha alirudi, akapima kati ya vigingi kwa hatua zake, huku Huka akihesabu kwa sauti. Zilikuwa kumi na nne.

Huka alifikiria. Kumi na nne ilikuwa chini ya nusu ya alichotaka. Kaingu naye alikuwa anatazama upande wa kushoto, ambako vigingi vilikuwa vimekata mistari saba ya udongo wake mzuri kuliko wote, ule mweusi ulioletwa na mafuriko. Mzee Ngala alifungua kinywa, akawaona watoto, akakifunga.

"Hiyo haitoshi," alisema Nuria.

Babake alimwita kwa ukali, kwa lugha yao, lakini Kaingu aliinua mkono. "Mwache. Haitoshi kwa nini?"

"Kuna ng'ombe wenye mimba." Nuria alisogeza mikono yake mbali na tumbo, mbali zaidi, mpaka akakaribia kuanguka. "Wakibanwa, ndama anakufa."

Kaingu alimtazama mtoto yule. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama na rejista kifuani, na Kanze hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara. Kisha aliinama, akakishika kigingi cha kwanza cha kushoto kwa mikono miwili, akaking'oa. Akapiga hatua moja kuingia ndani ya mahindi yaliyobaki, akakikita tena, na kwenda kwenye cha pili.